"Anakua Huyo": Maumivu ya Mifupa ya Watoto na Saratani ya Damu

Yako maneno ambayo asili yake ni wema, lakini yakitumiwa bila kufikiri huweza kuleta msiba. Moja katika hayo ni neno lisemwalo kila siku majumbani mwetu: "Anakua huyo." Mtoto akiamka usiku akilia kwa maumivu ya miguu, bibi humpaka mafuta, mama humkanda, baba husema kwamba mifupa inanyooka, na nyumba nzima hurudi kulala. Ndivyo ilivyo hapa Makole, ndivyo ilivyo katika mji mzima wa Dodoma, na ndivyo ilivyo katika vijiji vya Bahi, Chamwino na Kongwa, ambako watoto hutembea mwendo mrefu kwenda shuleni na kurudi, na wengine hushinda juani nyuma ya mifugo. Mtoto aliyeshinda mbioni akiumwa miguu usiku, nani atashangaa?

Na katika nyumba nyingi neno hilo ni la kweli. Watoto walio wengi wanaolia miguu usiku hawana maradhi ya kuogopesha. Lakini wamo wachache ambao maumivu yao hayatokani na kukua wala na kukimbia. Hutoka ndani ya mfupa wenyewe, mahali damu inapotengenezwa, na jina la maradhi hayo ni saratani ya damu, ambayo matabibu huiita lukemia. Kwa mtoto wa namna hiyo, kila juma linalopita huku akiambiwa kwamba anakua ni juma ambalo maradhi yanazidi nguvu na yeye anapungua.

Nia ya makala haya si kumtia hofu kila mzazi. Nia yake ni kumpa mzazi mizani ya kupimia, ili neno "anakua" lisiwe hukumu ya kumaliza shauri, bali liwe dai linalotakiwa kuthibitishwa kwanza.

Maumivu ya kukua ni yapi?

Jina hili si letu peke yetu. Tangu mwaka 1823 tabibu mmoja Mfaransa aliandika juu ya maradhi aliyoyanasibisha na kukua kwa mtoto, na tangu hapo jina limeendelea kutumika ulimwenguni. Hata hivyo, wataalamu wa leo wanakubali kwamba jina lenyewe halikusadifu sana. Mtoto hukua kwa kasi zaidi akiwa mchanga na tena anapobaleghe, ilhali maumivu haya huwapata zaidi watoto wa miaka 3 hadi 12. Sababu yake hasa haijajulikana kwa hakika, ila yaonekana kwamba kuchoka kwa misuli kuna sehemu yake.

Lililo muhimu kwa mzazi ni kwamba maumivu haya yana tabia zake. Huja jioni au usiku. Huwa katika miguu yote miwili, kwa kawaida mapajani, katika misuli ya nyuma ya miguu, au nyuma ya magoti. Hayakai katika kiungo kimoja, wala kiungo hakivimbi, wala hakuna homa. Mtoto akikandwa hupata nafuu, tena hupenda kukandwa. Kisha asubuhi huamka mzima kabisa: anakula, anacheza, anakimbia, kana kwamba hakukuwa na usiku wa vilio. Huenda yakaja usiku huu, yakapotea siku nyingi, kisha yakarejea.

Basi shahidi mkubwa wa maumivu ya kukua ni asubuhi. Mtoto ambaye asubuhi yake ni nzima, mwili wake haupungui, na rangi yake haibadiliki, huyo mara nyingi ni mtoto aliyechoka tu. Lakini mtoto ambaye maumivu yake hayaondoki kunapokucha, huyo hatuna ruhusa ya kumwambia kwamba anakua.

Kiwanda kilichomo ndani ya mfupa

Ili tufahamu kwa nini saratani ya damu huuma mifupani, yatupasa kujua kwanza damu inatoka wapi. Ndani ya mifupa mna uloto, nao ndio kiwanda cha damu. Humo hutengenezwa chembe za aina tatu. Ziko chembe nyekundu, zibebazo hewa safi na kuupa mwili nguvu na rangi. Ziko chembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili dhidi ya vijidudu. Tena ziko chembe ndogo zinazogandisha damu, ili mtu akikatika asitoke damu bila kukoma.

Mfano wa saratani ya damu ni shamba la mtama lililovamiwa na magugu. Chembe nyeupe changa, zisizokomaa wala kufaa kwa kazi yoyote, huanza kuzaana pasipo mpaka. Huijaza nafasi yote ya uloto, na mazao mema hukosa mahali pa kumea. Hapo ndipo dalili zote za maradhi haya zinapopatikana, nazo zikitazamwa pamoja huonekana kuwa ni jambo moja.

Kwa kuwa uloto umejaa kupita kiasi, mfupa husukumwa kutoka ndani, na mtoto huumwa. Kwa kuwa chembe nyekundu zimepungua, mtoto hupauka, huchoka na kuhema upesi. Kwa kuwa askari wa kweli hawapo, homa humjia mara kwa mara. Na kwa kuwa chembe za kugandisha damu zimekuwa haba, hutokwa na damu puani au katika fizi, na ngozi yake huonyesha mavilio pasipo kupigwa, au madoa madogo mekundu kama vichomo vya sindano.

Uchunguzi uliokusanya habari za maelfu ya watoto wenye lukemia katika nchi mbalimbali ulionyesha kwamba takriban watoto 4 katika kila 10 walikuwa na maumivu ya miguu au mikono walipogunduliwa. Si ajabu basi kwamba wengi walianza safari yao kwa kuambiwa kwamba wameteguka, au wana baridi ya viungo, au wanakua.

Alama ambazo nyumba huweza kuziona

Daktari humwona mtoto kwa dakika chache. Mama humwona usiku na mchana. Kwa hiyo ushahidi mwingi wa maradhi haya umo mikononi mwa watu wa nyumbani, kama watatazama.

Mama anayemwogesha mtoto ndiye wa kwanza kuweza kuona mavilio mgongoni na tumboni, mahali ambapo mtoto hajigongi kwa kawaida. Magoti na miundi ya mtoto anayecheza haikosi alama, lakini mgongo na tumbo ni jambo jingine. Baba anayemfundisha mwanawe kutawadha huiona miguu yake ikioshwa mara kadhaa kwa siku. Na atazame vizuri kama pana madoa madogo mekundu yasiyofifia yanapobonyezwa kwa kidole. Kwenye ngozi yetu nyeusi madoa hayo hujificha, kwa hiyo hutazamwa kwenye nyayo, viganja, na ndani ya mashavu. Weupe wa kukosa damu nao hauonekani usoni kwa urahisi. Hutazamwa ndani ya ukope wa chini, katika ulimi, na katika viganja.

Mtoto aliyezoea kurukuu na kusujudu pamoja na wakubwa, kisha akaanza kukwepa kwa kuwa magoti au mgongo unamuuma, ametoa habari. Mtoto aliyekuwa akitangulia mbio kwenda madrasa, kisha akawa anaomba kubebwa, ametoa habari. Na hapa tungependa kuwakumbusha walimu wetu kwa heshima: mwanafunzi aliyekuwa mwepesi, kisha ghafula akawa mzito, akisinzia juu ya juzuu yake, asiharakishwe kuitwa mvivu, wala asiguswe kwa fimbo. Aitwe mzazi wake.

Zaidi ya hayo, mzazi apapase shingoni, kwapani na kwenye kinena kama pana mitoki isiyouma ambayo haipungui. Atazame tumbo kama limejaa upande wa kushoto au wa kulia chini ya mbavu, kwa kuwa bandama na ini huvimba katika maradhi haya. Aangalie kama nguo zinampwaya mtoto, na kama huamka amelowa jasho.

Mojawapo ya alama hizi peke yake si hukumu. Lakini maumivu ya mifupa yakifuatana na homa isiyoisha, au weupe wa damu, au mavilio, au mitoki, basi shauri si la kukanda tena. Ni la kwenda hospitali, tena si kesho kutwa.

Maradhi mawili kufanana

Si aibu kwa mzazi wala kwa tabibu kukuta maradhi mawili yanafanana. Aibu ni kuacha kuyatenganisha. Katika historia ya Waislamu yuko tabibu mashuhuri, Abu Bakr Muhammad bin Zakariya Ar-Razi, mtu wa mji wa Rayy huko Uajemi, aliyeishi hadi mwanzoni mwa karne ya 10 ya miladi. Katika zama zake ndui na surua zilichanganywa, kwa kuwa zote mbili huanza kwa homa na kutoa vipele. Ar-Razi aliandika risala maalumu ya kuzipambanua: kila moja huanza vipi, mgonjwa huumwa wapi, na vipele hutokaje. Silaha yake ilikuwa kutazama kwa makini na kuandika alichokiona, naye hakuwa na darubini.

Nasi hapa Tanzania tunayo maradhi mengi ya kupambanua. Homa na weupe wa damu huletwa na malaria. Maumivu makali ya mifupa huletwa na selimundu, maradhi ya kurithi ambayo wenzetu wengi wameyazoea majumbani mwao. Mguu mmoja unaouma pamoja na homa waweza kuwa na usaha ndani ya mfupa. Kifua kikuu nacho hushika mifupa na kuvimbisha tezi. Kwa hiyo mtoto mwenye lukemia huweza kupewa dawa ya malaria mara ya kwanza, na ya homa ya matumbo mara ya pili, na ya upungufu wa damu mara ya tatu, na kila mara akapata nafuu ya siku mbili tatu kwa sababu maradhi yenyewe hupanda na kushuka.

Yafaa ijulikane kwamba kipimo cha malaria kikionyesha vijidudu, hakikanushi kuwa pana maradhi mengine nyuma yake. Mtoto aliyemaliza dawa ya malaria ipasavyo, na bado ana homa na bado anaumwa mifupa, hatakiwi kupewa dawa ileile tena na tena. Anatakiwa kupimwa upya kwa swali jipya.

Jino linaota, au ni jambo jingine?

Afrika Mashariki ina habari yake kubwa katika elimu hii. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote, na meno yake yamelegea. Haukupita muda mrefu akaona katika hospitali ya Jinja mtoto mwingine wa namna ileile. Watu wengine wangesema ni usaha wa jino. Yeye alijiuliza kwa nini maradhi yale yale yawapate watoto wawili wa mahali mbalimbali, akaanza kutafuta. Mwaka 1958 alichapisha habari zake, na mwaka 1961, pamoja na madaktari wenzake Ted Williams na Cliff Nelson, alisafiri kwa gari maili 10,000 hivi kwa muda wa wiki 10, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, akiuliza katika kila hospitali kama watoto wa namna hiyo wanaonekana. Ikadhihirika kwamba maradhi yalikuwa mengi katika nchi za joto na mvua ambazo malaria imetamalaki, na haba katika nyanda za baridi na nchi kavu.

Hayo ndiyo maradhi yaitwayo mpaka leo limfoma ya Burkitt, nayo ni ndugu wa saratani ya damu, kwa kuwa huanza katika chembe nyeupe. Mwaka 1964 wataalamu Epstein, Achong na Barr waliona kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Dodoma yetu ni nchi kavu, lakini mtu asijidanganye kwa hilo. Mji umepokea jamaa kutoka Ziwa, Pwani na Kusini, na watoto huja na historia za huko walikotoka. Tena uvimbe huu ni wa haraka kuliko saratani nyingine zote za binadamu. Huweza kuongezeka mara dufu kwa siku moja au mbili. Mtoto mwenye taya inayovimba na meno yanayolegea si mtoto anayeota meno. Mtoto ambaye tumbo linakua kwa siku chache si mtoto anayenenepa. Habari njema ni kwamba uvimbe huu husikia dawa sana, na huko Uganda katika miaka ya 1960 wako watoto waliopona kwa dozi chache tu.

Njia ya mtoto kutoka Makole

Mzazi wa Makole hana safari ndefu ya kuanzia. Kituo cha Afya Makole kimo katika kata yake, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa imo mjini, na Hospitali ya Benjamin Mkapa iko katika eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma. Hii ya mwisho ni hospitali ya kanda, na mwaka 2023 ilianza kazi ya kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, jambo ambalo zamani lilimlazimu mgonjwa kuvuka bahari. Mzazi wa vijijini ana njia ndefu zaidi, na kwa sababu hiyo anapaswa kuianza mapema zaidi.

Akifika kwa tabibu, na aeleze kwa mpangilio. Maumivu yalianza lini? Yako wapi, upande mmoja au pande zote? Asubuhi mtoto yu hali gani? Anachechemea? Homa imemjia mara ngapi, na amepewa dawa gani? Ni bora mambo haya yaandikwe katika daftari kila siku, kwa sababu mtu aliyekesha na mgonjwa husahau. Kisha aulize kwa adabu kama mtoto anaweza kupimwa picha kamili ya damu. Kipimo hiki huhesabu chembe za aina zote tatu, na damu hiyohiyo huweza kupakwa juu ya kioo na kutazamwa kwa darubini. Kuuliza hivyo si ujuaji wala si utovu wa heshima. Tabibu mwema hufurahi kumpata mzazi anayejali.

Tena ieleweke kwamba siku za mwanzo hesabu ya damu huenda ikaonekana ni ya kawaida. Kwa hiyo jibu jema la leo lisimfunge mtu macho ikiwa dalili zinaendelea. Mtoto ambaye maumivu yake yamedumu kupita wiki mbili arudishwe. Ama yule anayetokwa na damu, au aliyejaa madoa mekundu, au aliyepauka huku ana homa, huyo hangojei hata siku moja.

Damu ikitia shaka, hatua inayofuata ni kutolewa uloto kidogo kwa sindano katika mfupa wa nyonga, ili aina ya maradhi ijulikane. Wazee wengi huogopa kipimo hiki wakidhani kitamlemaza mtoto. Sivyo. Mtoto hupewa dawa ya kuzuia maumivu, na uloto uliotolewa hurudi wenyewe. Kutoka hapo huenda akapewa rufaa kwenda Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ambako iko wodi ya saratani za watoto, na ambako kwa msaada wa shirika la Tumaini la Maisha watoto wamekuwa wakitibiwa saratani bila wazazi kutozwa gharama za tiba. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme imeufupisha mwendo wa Dodoma na Dar es Salaam, ukawa ni wa saa chache. Asiyekuwa na nauli aonane na ofisa wa ustawi wa jamii hapohapo hospitalini kabla ya kukata tamaa. Na watoto wa chini ya miaka 5, kwa sera ya nchi, wamesamehewa malipo katika vituo vya serikali.

Mambo ya kuepuka

La kwanza, tusimnunulie mtoto dawa za duka kwa kubahatisha. Ziko dawa za jamii ya prednisolone na dexamethasone, ambazo hupewa watu kwa maumivu na mizio. Dawa hizo huziua chembe za lukemia kwa kiasi, kwa hiyo mtoto huonekana amepona kwa siku chache, vipimo huharibika, na maradhi hurudi yakiwa magumu zaidi kutibika. Dawa za maumivu kama aspirini na diclofenac nazo humzidishia kutokwa na damu mtoto ambaye damu yake haigandi.

La pili, tusimchanje mtoto wala kumkanda kwa nguvu mahali panapouma. Mtoto ambaye askari wa mwili wake wamekufa, na ambaye damu yake haigandi, huweza kuangamizwa na chale moja ya wembe.

La tatu, kisomo na dua ni haki ya mgonjwa, wala hakuna anayemkataza Muislamu kumwombea mwanawe. Lakini mafundisho ya dini yetu yametuamuru kutafuta tiba, na kutufahamisha kwamba aliyeyashusha maradhi ndiye aliyeziweka dawa. Kutegemea kwa Mwenyezi Mungu huja baada ya kumfunga ngamia, si badala ya kumfunga. Asomewe mtoto akiwa njiani kwenda hospitali, na asomewe akiwa kitandani huko huko.

Maradhi haya hupona

Wako wanaoficha maradhi kwa kuwa wakisikia neno saratani huanza kutayarisha sanda. Haya ni mawazo ya zamani. Ni kweli kwamba hadi miaka ya 1940 mtoto mwenye lukemia hakuwa na tiba, naye alikufa baada ya majuma au miezi. Mwaka 1948 Dk. Sidney Farber wa Boston, Marekani, alitangaza habari za watoto 16 aliowapa dawa mpya, na 10 kati yao walipata nafuu. Nafuu ile haikudumu, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa.

Dawa nyingine ilitoka karibu na kwetu. Katika kisiwa cha Bukini, yaani Madagascar, ndiko asili ya ua dogo lenye rangi ya waridi au nyeupe, ambalo leo hupandwa kando ya nyumba nyingi katika Afrika Mashariki kwa ajili ya uzuri tu. Katika ua hilo wataalamu walipata dawa iitwayo vincristine, iliyoanza kutumika rasmi Marekani mwaka 1963, na mpaka leo haikosekani katika tiba ya lukemia ya watoto. Msomaji asikimbilie kulichemsha ua hilo: likinywewa hivyo ni sumu, na dawa yenyewe hupimwa kwa vipimo vidogo sana na kupitishwa katika mshipa.

Leo, katika nchi zenye uwezo, watoto zaidi ya 80 katika kila 100 wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi zenye uwezo mdogo wanaopona ni chini ya 30. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kutaka angalau watoto 60 katika kila 100 wapone ifikapo mwaka 2030, na lukemia na limfoma ya Burkitt zimo katika saratani zilizotangulizwa. Maradhi ni yaleyale, na dawa za msingi ni zilezile. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni kuchelewa kufika na kuacha tiba katikati.

Hapa pana onyo ambalo hatuna budi kulitamka wazi. Mtoto mwenye lukemia huanza dawa, na kwa kawaida baada ya mwezi mmoja hivi maumivu hukoma, damu hurudi, naye hucheza. Jamaa huona kwamba amepona, na kwa kuwa shamba linangoja na wadogo zake wameachwa, humrudisha nyumbani. Lakini magugu yamekatwa tu juu ya ardhi, mizizi ingalimo. Tiba nzima huchukua miaka miwili au zaidi, na anayeikatisha katikati hurudi na maradhi yaliyoizoea dawa. Kumaliza tiba ni sawa na kuianza. Moja bila ya jingine halifai kitu.

Deni la majirani

Mzigo huu hauwezi kubebwa na mama peke yake. Anayelala na mtoto wodini ameacha nyumba, na majirani wa Makole wanajua namna ya kumpikia mwenziwe na kumlelea wanawe. Yafaa wema huo uendelee kwa miezi, usikome baada ya wiki ya kwanza.

Tena uko wema mwingine ambao hauhitaji mali. Mtoto mwenye saratani ya damu huhitaji kuongezewa damu mara nyingi, kabla dawa hazijampa nafuu na wakati zinapofanya kazi. Mtu mzima mwenye afya, wa miaka 18 hadi 65, mwenye uzito usiopungua kilo 50, huweza kutoa damu. Mwanamume kila baada ya miezi mitatu, na mwanamke kila baada ya miezi minne. Jamaa za misikiti yetu zikijiwekea zamu ya kuchangia damu, hata mwezi wa Ramadhani baada ya kufuturu pale huduma inapopatikana, zitakuwa zimetoa sadaka ambayo mpokeaji wake hatamjua mtoaji.

Basi, ndugu wazazi, hatusemi kwamba neno "anakua" lifutwe katika vinywa vyetu. Watoto wanakua, alhamdulillahi, na miguu yao itawauma. Tunachoomba ni kwamba kabla ya kulitamka tumwone mtoto asubuhi, tumtazame ukope, kiganja na mgongo, tuhesabu siku. Tukiona ameamka mzima, tumshukuru Mungu na kumwacha akacheze. Tukiona hakuamka mzima, basi tusimkande tena. Tuvae, tumbebe, twende naye kunako vipimo.